Katoni Yenye Milango Miwili: Historia Fupi ya Nyumba za Wanyama Wadogo Wagugunaji

Utangulizi

Mwalimu wetu wa mbinu za utafiti wa historia alitupa kazi moja mwanzoni mwa muhula: kila mwanafunzi achague kitu kilichomo nyumbani kwao, kisicho na bei sokoni, kisha aeleze historia iliyo nyuma yake. Wenzangu walichagua jiwe la kusagia, mkeka wa babu, redio iliyokufa. Mimi nilichagua katoni ya sabuni iliyotobolewa matundu mawili, na darasa zima likacheka.

Katoni hiyo ni ya mdogo wangu mwenye umri wa miaka 12. Nyumbani kwetu, Kivu Kusini, tunafuga simbilisi, ambao wengi kwetu huwaita dende au kobayi. Mdogo wangu aliikata katoni kwa kisu cha jikoni, akaitia majani makavu, akaiweka sakafuni. Nilipomuuliza kwa nini ameipa milango miwili badala ya mmoja, alijibu bila kuinua macho: "Mkubwa akiingia huku kumfukuza mdogo, mdogo atoke kule."

Hakuna aliyemfundisha hivyo. Nilipoanza kusoma juu ya ufugaji wa wanyama hawa katika nchi nyingine, nilikuta ushauri huohuo katika miongozo ya wataalamu: kibanda cha simbilisi kiwe na njia mbili za kutokea, ili mnyonge asibanwe pembeni. Swali la insha hii lilizaliwa hapo. Maarifa haya yametoka wapi, na yamepitia mikono ya nani?

Hoja yangu ni kwamba mambo ambayo leo maabara na sheria za nchi tajiri huyaita kutajirisha mazingira ya mnyama, yaani kumpa mahali pa kujificha, kitu cha kutafuna, njia ya kupenya na kazi ya kufanya, yalikuwepo katika nyumba za watu wa kawaida muda mrefu kabla ya kupewa jina. Karne ya 20 iliyaondoa kwa sababu ilizoziona kuwa njema, kisha ikalazimika kuyarudisha moja baada ya jingine. Nitaifuata safari hiyo kuanzia Andes hadi Ulaya na Marekani, kisha Morogoro, na mwisho nitarudi jikoni kwetu, kwa sababu safari hiyo imetugusa na sisi.

Jiko la Andes

Simbilisi hakuanzia Afrika wala Ulaya. Watu wa milima ya Andes, katika Amerika ya Kusini, ndio waliomfanya mnyama wa nyumbani, maelfu ya miaka iliyopita. Walimfuga kwa ajili ya nyama, na pia kwa ajili ya tiba na ibada. Mahali pake palikuwa jikoni. Hadi leo katika vijiji vingi vya Peru, Bolivia na Ekuado utawakuta wakitembea sakafuni karibu na moto, wakila maganda na majani yanayoanguka kutoka kwa mpishi, na kukimbilia kwenye pembe au tundu la ukuta wakisikia hatua za mgeni.

Hapa mfugaji hakujenga kibanda maalumu. Nyumba ya mtu ilikuwa ndiyo nyumba ya mnyama, nayo ilikuwa na kila alichohitaji: joto, giza la pembeni, vizuizi vya kuzunguka, sauti za watu alizozizoea, na wenzake wengi. Simbilisi ni mnyama wa kundi. Akiachwa peke yake hunyong'onyea. Jiko lilimpa kundi bila mtu yeyote kulipangia.

Wahispania walipofika Andes katika karne ya 16 walimkuta mnyama huyu, na kabla ya karne hiyo kwisha alikuwa amekwisha kuvuka Bahari ya Atlantiki. Kuna mchoro wa Kiingereza wa mnamo mwaka 1580 unaoonyesha watoto watatu wa familia ya kitajiri. Msichana aliye katikati ameshika simbilisi. Ulaya ilimpokea kama kitu cha kigeni cha kupendeza. Alitoka sakafuni akapanda mikononi, na tangu hapo ikabidi atengenezewe mahali pake pa kulala.

Wapenzi wa panya na sanduku la Bi Lathrop

Mabadiliko kama hayo yaliwapata panya. Mwaka 1787 kilichapishwa Japani kitabu kidogo kilichofundisha namna ya kufuga na kuzalisha panya wadogo wa rangi mbalimbali. Waliokuwa wakiwafuga hawakuwa wanasayansi; walikuwa watu wa mijini waliopendezwa na rangi zao. Uingereza nako, katika karne ya 19, mtega panya aliyeitwa Jack Black, aliyejitangaza kuwa mtega panya wa Malkia Victoria, aliwatenga panya wenye rangi zisizo za kawaida, akawazalisha na kuwauza kwa watu waliotaka kuwafuga. Mwaka 1895 Waingereza walianzisha chama cha taifa cha wafugaji wa panya wadogo, chenye maonyesho na mashindano.

Kwa mwanafunzi wa historia, mtu muhimu zaidi katika kundi hili ni Abbie Lathrop. Alikuwa mwalimu wa shule aliyeacha kazi na kuhamia Granby, Massachusetts, nchini Marekani. Mwanzoni mwa karne ya 20 alianza kuzalisha panya wadogo ili awauzie watu wa kufuga nyumbani. Aliwaweka katika masanduku ya mbao yenye majani makavu. Punde maabara zikaanza kumwagizia panya, zikiwemo zile za Chuo Kikuu cha Harvard. Lathrop mwenyewe aligundua kwamba baadhi ya panya wake walikuwa na uvimbe wa ngozi, akaandika kumbukumbu zake kwa uangalifu, na kushirikiana na daktari Leo Loeb katika makala za kitaalamu juu ya saratani. Alifariki mwaka 1918. Mwaka 1921, kutokana na panya wa ukoo wa shamba lake, ulianzishwa ukoo uitwao C57BL, ambao hadi leo ni miongoni mwa koo za panya zinazotumika zaidi katika maabara duniani.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu vitabu vingi huanza historia ya panya wa maabara kwenye mlango wa maabara. Mlango huo ulikuwa na kijia kilichotoka kwenye ua wa mwanamke mfugaji. Maabara ilichukua panya wake. Masanduku yake na majani yake ikayaacha nyuma.

Sakafu iliyotafunwa

Kwa nini yaliachwa? Watafiti hawakufanya hivyo kwa ukatili. Mbao hunyonya mkojo na kuficha viroboto. Majani huleta vijidudu. Zaidi ya hayo, mtafiti anataka wanyama wake wote waishi katika hali moja, ili tofauti atakayoiona itokane na dawa anayoipima tu. Kizimba cha chuma au plastiki huoshwa, hupangwa kwenye rafu, na hufanana na cha jirani yake. Kizimba chenye sakafu ya waya huacha kinyesi kidondoke chini. Kila hatua ilikuwa na sababu, na jumla yake ikawa chumba kitupu.

Kisa cha hamsta wa dhahabu kinaonyesha mvutano huo vizuri. Mwaka 1930 mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni alikwenda karibu na mji wa Aleppo, Syria, kumtafutia mwenzake mnyama wa utafiti. Wenyeji walichimba shamba la ngano hadi kina cha zaidi ya mita mbili, wakampata mama na watoto 11. Walipofikishwa Chuo Kikuu cha Kiebrania mjini Jerusalem waliwekwa katika kizimba chenye sakafu ya mbao. Usiku baadhi yao waliitafuna sakafu hiyo, wakatoroka, wasionekane tena. Waliobaki walizaliana, na kwa muda mrefu karibu hamsta wote wa dhahabu waliofugwa duniani, maabara na majumbani, walitokana na familia hiyo moja.

Mtunza kizimba bila shaka alijilaumu kwa kutumia mbao, na somo lililochukuliwa lilikuwa kwamba chuma ni bora. Lakini tukio hilo linaweza kusomwa kwa njia nyingine. Mnyama aliyetolewa kwenye shimo lenye kina kirefu, lenye chumba cha kulala na ghala la nafaka, aliwekwa juu ya ubao bapa. Alichofanya ni kile anachokijua, yaani kuchimba. Meno ya wagugunaji hukua maisha yao yote, na kutafuna ni hitaji la mwili kama sisi tunavyohitaji kukata kucha. Chuma kilizuia kutoroka, lakini haja ya kuchimba na kutafuna ilibaki palepale.

Panya waliolelewa na watoto

Mabadiliko yalianza nje ya maabara, nyumbani kwa mtu. Donald Hebb, mwanasaikolojia wa Kanada, aliwachukua baadhi ya panya akawalea nyumbani kwake, ambako waliishi na binti zake wawili kama wanyama wa kufugwa. Walizunguka, walipanda, walishikwa na kubebwa. Baadaye aliwapima katika mzingile pamoja na panya waliokulia vizimbani. Wale wa nyumbani walitatua matatizo vizuri zaidi, na kadiri majaribio yalivyoendelea ndivyo walivyozidi kuwaacha wenzao. Hebb alitoa taarifa fupi mwaka 1947, na kulieleza jambo hilo tena katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1949, *The Organization of Behavior*.

Miaka ya 1960 watafiti wanne wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani Mark Rosenzweig, David Krech, Edward Bennett na Marian Diamond, waliligeuza wazo hilo kuwa jaribio lenye vipimo. Waliwagawa panya wa uzao mmoja. Baadhi waliwekwa peke yao katika vizimba vitupu. Wengine waliishi kwa kundi katika kizimba kikubwa chenye ngazi, magurudumu, masanduku na majukwaa, na vitu hivyo vilibadilishwa kila siku. Chakula kilikuwa kilekile. Mwaka 1964 Diamond na wenzake walionyesha kwamba gamba la ubongo la panya wa kundi la pili lilikuwa nene zaidi. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo, lakini ilijirudia katika majaribio mengi. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba ubongo hauwezi kubadilika umbo kwa sababu ya maisha anayoishi mnyama, na matokeo haya yalipokewa kwa mashaka makubwa.

Nchini Kanada, mwishoni mwa miaka ya 1970, Bruce Alexander na wenzake wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser walikwenda mbali zaidi. Walitengeneza wenyewe boksi kubwa la plaiwudi, lenye eneo takriban mara 200 ya kizimba cha kawaida. Ndani walitia maranda ya mbao na makopo matupu ya kujificha, na ukutani wakachora msitu. Kisha wakawapa panya maji yenye mofini. Panya waliokaa peke yao vizimbani walikunywa mofini nyingi kuliko wale wa boksini. Majaribio ya baadaye hayakuleta majibu yanayofanana kila mara, kwa hiyo tusiyatumie kama ushahidi wa mwisho juu ya dawa za kulevya. Kwa mada yetu inatosha kuona vifaa vyao: plaiwudi, makopo, maranda, rangi. Ni vitu ambavyo fundi yeyote wa mtaani angekuwa navyo.

Lakini jambo lililonisimamisha zaidi ni makala ya mwaka 1972 ya watafiti wa Berkeley. Waliripoti kwamba panya waliowekwa nje, kwenye udongo walioweza kuuchimba, ubongo wao ulikua zaidi hata ya ubongo wa panya wa kizimba kilichojaa vitu vya kuchezea. Maana yake ni kubwa kwa lugha tunayoitumia. Tunasema mazingira yametajirishwa, kana kwamba mnyama amepewa ziada. Kumbe kizimba kitupu kilikuwa kimemnyang'anya, na ngazi na masanduku yalimrudishia sehemu tu ya alichonyang'anywa.

Hofu ya zamani juu ya usawa wa majaribio nayo ilijibiwa. Mwaka 2004 kundi la watafiti lilichapisha katika jarida la *Nature* matokeo yanayoonyesha kwamba kuwapa panya wadogo vizimba vyenye vitu hakukuvuruga vipimo wala kuongeza tofauti kati ya maabara na maabara. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo la kuwalinda wanyama wa utafiti, linalotaka wapewe nafasi yenye vitu vya kutosha vya kuwawezesha kufanya mambo ya asili yao. Hivyo, zaidi ya karne moja baada ya sanduku la majani la Bi Lathrop, majani yalirudi maabara kwa nguvu ya sheria.

Chungu cha Morogoro

Mfano wa Afrika Mashariki hauko mbali nasi. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye vijidudu vya kifua kikuu. Wazo hilo ni la Bart Weetjens, Mbelgiji ambaye utotoni alikuwa akifuga panya na wagugunaji wengine nyumbani. Shirika lilianza mwaka 1997 na kuhamia Morogoro mwaka 2000. Mwanafunzi wake aliyejulikana zaidi ni Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia kuanzia mwaka 2016. Aligundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100, akatunukiwa medali ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020, na kufariki Januari 2022.

Panya buku porini hulala shimoni na kukusanya chakula katika mifuko ya mashavu yake. Ndani ya vizimba vya Morogoro amewekewa chungu cha udongo cha kulalia na kipande cha mti cha kutafuna. Chungu ni chaguo zuri: kina giza, kina ubaridi wakati wa joto, kinaoshwa, hakitafuniki, na fundi wa hapohapo anaweza kukifinyanga. Kile ambacho kiwanda cha ng'ambo kingekiuza kwa fedha nyingi, mfinyanzi amekuwa akikitengeneza kwa matumizi mengine tangu zamani.

Angalieni pia mfululizo wenyewe. Hebb alipata jibu lake kwa panya waliocheza na binti zake. Lathrop alianza na panya wa kuuzia wapenzi wa wanyama. Weetjens alianza akiwa mtoto mwenye panya chumbani. Mara tatu nyumba ilitangulia, maabara ikafuata.

Kizimba cha waya nyumbani kwetu

Kivu, simbilisi si pambo. Watafiti wa kituo cha CIAT waliofanya kazi Kivu Kusini walieleza kwamba wanyama hawa hufugwa sana na kaya maskini, mara nyingi chini ya uangalizi wa wanawake na watoto, na kwamba katika miaka ya uporaji walikuwa na faida moja ambayo ng'ombe na mbuzi hawana: wanafichika. Nyanya yangu mzaa mama alinieleza hivyohivyo kabla sijasoma popote. Anasema mbuzi walichukuliwa wote, lakini dende watatu alikimbia nao wakiwa ndani ya kikapu, chini ya nguo. Kutokana na hao watatu, baada ya vita, zilitoka fedha za madaftari. Mimi ni mmoja wa walioandika katika madaftari hayo.

Miaka michache iliyopita alikuja mtu wa mradi fulani kijijini kutufundisha ufugaji bora. Alisema jikoni ni pachafu, akatupa vipimo vya kizimba kilichoinuliwa, chenye sakafu ya waya. Hakusema uongo. Jikoni tulikuwa tumepoteza wanyama kwa paka, wawili walikanyagwa, na mmoja aliungua. Tulijenga kizimba kama alivyoagiza. Baada ya wiki chache nyayo za wakubwa zilivimba na kutoka vidonda, na mtoto mmoja alinasa mguu kwenye waya ukavunjika. Kila tulipofungua mlango walirundikana kwenye pembe moja, mmoja juu ya mwingine, kwa kuwa hapakuwa na pa kukimbilia. Watatu walikufa mwezi ule. Sisemi kwamba waya peke yake ndio uliowaua, kwani mvua ilikuwa nyingi na kizimba kilikuwa kwenye upepo.

Nyanya alikuja kututembelea, akachungulia, akauliza swali moja tu: "Nani analala juu ya waya?"

Hakukivunja kizimba. Alimwagiza mdogo wangu alete mabaki ya mbao, wakafunika nusu ya sakafu. Juu yake waliweka majani makavu mengi. Chungu kilichopasuka mdomo kililazwa ubavu, kingo zake zikasuguliwa kwenye jiwe hadi zisikate. Kipande cha mwanzi mnene kilitolewa vifundo vya ndani kikawa njia ya kupenya watoto. Kisha ikaja katoni ya sabuni yenye milango miwili. Tangu hapo kizimba kimebaki kikizuia paka, na ndani yake mna jiko dogo lisilo na moto.

Mdogo wangu ameendelea kubuni, na nimejifunza kwake kanuni ambazo baadaye nilizikuta katika maandishi ya wataalamu. Katoni isiwe na pini, gundi nyingi wala karatasi ya nailoni, kwa sababu itatafunwa yote. Mbao isipakwe rangi. Tundu liwe pana kiasi cha mjamzito kupita bila kukwama. Uzi na vitambaa vya kuchomoka nyuzi visitumike, maana hufunga miguu. Ubomba wa karatasi ngumu ukijazwa majani mabichi huwapa kazi ya kuvuta chakula badala ya kukikuta mezani. Gurudumu la kukimbilia, linalomfaa panya au hamsta, lisipewe simbilisi. Mgongo wake haukuumbwa kujikunja hivyo. Tena majani mabichi ni ya lazima kwake, kwani kama binadamu hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Jambo hilo lilianza kudhihirika mwaka 1907, pale Axel Holst na Theodor Frølich nchini Norwe walipowaona simbilisi wao wakipata ugonjwa wa hijabu uliokuwa ukiwaua mabaharia.

Pingamizi

Nilipowasilisha rasimu ya insha hii darasani, mwenzangu mmoja aliuliza: "Mnyama wa kuliwa ana haja gani ya vitu vya kuchezea, na watu wengi hawana hata nyumba?" Swali hilo ni la haki, hasa kwetu ambako watu bado wanaishi kambini.

Jibu langu la kwanza ni la hesabu. Katoni ni ya bure, chungu kilikuwa kimetupwa, na mnyama asiye na vidonda huzaa na kukua. Kaya iliyofukara ndiyo inayoumia zaidi mnyama anapokufa. Jibu la pili ni la historia. Watu wa Andes waliwala simbilisi na bado waliwapa nafasi karibu na moto. Nyanya yangu huwachinja bila machozi, lakini hakuvumilia walale juu ya waya. Katika mila hizi kumla mnyama hakukuondoa wajibu wa kumwekea mahali pa kulala. Dhana kwamba mtu anayefikiria starehe ya mnyama lazima awe tajiri asiye na shida ni ya juzi tu, nayo inawasahau waliokuwa wakifanya hivyo bila kuwa na kitu.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba nyumba ya mnyama mdogo imepita hatua tatu. Kwanza aliishi ndani ya nyumba ya mtu, akitumia pembe na mabaki yake. Pili alitengwa katika kizimba kitupu, kwa ajili ya usafi na usawa wa vipimo. Tatu, kuanzia panya wa Hebb, watafiti walianza kupima hasara ya utupu huo na kuurudisha ulimwengu kizimbani kipande kwa kipande. Hatua ya pili ilikuja kwetu kwa jina la ufugaji bora wakati wenyewe walioianzisha walikuwa wamekwisha kuiacha. Nadhani hili ndilo la kujifunza kwa yeyote atakayekwenda vijijini na vipimo mkononi: kabla ya kubomoa, aulize kilichopo kinafanya kazi gani.

Kwa wanafunzi wenzangu wa historia lipo pia tatizo la ushahidi. Vizimba vya chuma vipo katika makumbusho na katalogi. Katoni haidumu, ya mdogo wangu hukaa wiki mbili, kisha wenye nyumba huila kuanzia mlangoni. Ile niliyoileta darasani siku ya kwanza haipo tena. Njia pekee ya kuihifadhi ni kuwauliza wanaotengeneza, na wengi wao ni vikongwe na watoto ambao hakuna mtu aliyewahi kuwahoji juu ya jambo hilo. Nimeanza na wawili wa nyumbani kwetu. Mdogo wangu ameniambia katoni inayofuata itakuwa na milango mitatu, kwa sababu wiki iliyopita wamezaliwa wanne.